Profesa wa Kopo la Gundi

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa Mkuu wa kituo chetu cha elimu ataamua kama nithibitishwe kazi ya ukarani au nirudi kwa mama. Na leo nimekosea. Si kosa kubwa. Fomu ya kuomba chumba namba mbili ina nafasi ya "Jina la mwalimu". Kikundi cha wastaafu wanaosoma humo hakina mwalimu. Wanafundishana kwa zamu. Nimewauliza mara tatu. Mara tatu wamejibu hawana, wala hawamtaki. Lakini nafasi ilikuwa tupu! Nikaandika "Profesa", kisha jina la kiwanda lililo kwenye kopo la gundi. Mwandiko mzuri sana.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mkuu amefurahi mno kusikia tuna profesa. Alhamisi atakuja kumsalimu. Tena amesema jina hilo si geni kwake, ameliona mahali. Mezani pake pana kopo kama langu! Alipokwenda kunywa chai nikalificha kabatini.

Mpango: kumpata mzee atakayekubali kuwa profesa kwa nusu saa. Nimekaa nyuma darasani kuchagua. Mzee wa Reli, kondakta wa treni mstaafu, ana miwani na kikohozi cha kisomi. Alikuwa akifundisha mawingu. Bahati mbaya akakiri mbele ya wote kwamba aina mbili hazijui. Profesa gani anakiri? Hata hivyo nilibaki hadi mwisho. Kumbe mawingu yana mambo.

Jumatano, 5 Machi
Nimekaa tena nyuma. Baada ya somo nimemfuata Bibi Cherehani, fundi nguo mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha. Nimemnong'oneza yote. Akacheka mpaka akashika ukuta. Uprofesa hautaki hata kwa dawa. Ila akanieleza kanuni yao: ukikaa darasani siku mbili, ya tatu unafundisha. Nikasema sijui kitu. Akauliza, "Kipi unakifanya hata ukiwa umefumba macho, mjukuu wangu?" Nikasema kujaza fomu. Akasema basi, kesho fomu.



Alhamisi, 6 Machi
Wazee kumi na wawili, kalamu mkononi. Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. Mzee wa Reli akaniambia niongeze mvuke. Nikaongeza. Nikawaonyesha pa kuanzia, pa kusaini, pa kuruka. Mzee wa Reli ana fomu ya hospitali aliyoibeba mfukoni tangu mwaka jana kwa sababu ilimtisha. Leo ameimaliza! Akaipunga kama tiketi. Nikasahau kuogopa. Nikapaza sauti: usiandike uongo kwa sababu tu nafasi ni tupu!

Nikageuka. Mkuu alikuwa mlangoni.

Akauliza Profesa yuko wapi. Nikafungua mdomo nikiri. Bibi Cherehani, bila kuinua macho kwenye fomu yake, akaniwahi: "Profesa kwetu ni zamu, mwanangu. Leo ni huyo hapo. Na wewe umekuja mara ya ngapi?"

Mkuu akajibu kwa adabu kwamba ni ya kwanza. Akaambiwa akae, aazime kalamu.

Akakaa. Saa nzima!

Ijumaa, 7 Machi
Nimethibitishwa! Mkuu amelikata jina la Profesa kwa mkono wake, juu yake akaandika "Kwa zamu". Kisha akaniomba, kwa upole, nimrudishie kopo lake la gundi. Hakuongeza neno. Nimeapa: sitaandika tena kisichokuwepo.

Alasiri Bibi Cherehani akaniletea chungwa la pongezi na fomu ya kuomba chumba kikubwa zaidi, maana Mkuu naye anarudi wiki ijayo. Fomu hiyo ina nafasi ya "Jina la mlezi wa kikundi". Nikamuuliza. Hawana, wala hawamtaki.

Nimeitazama nafasi ile dakika ishirini. Tupu kabisa.

Nimeandika "Daktari", kisha jina lililo kwenye chupa ya wino. Mwandiko mzuri sana.