Oili ya Bosi

Jumatatu, 9 Juni

Bosi ameniachia gari lake! Mimi! Karani wa masjala, mwezi wa saba wa majaribio ambayo yalipaswa kuwa ya miezi sita! Amekwenda semina hadi Ijumaa. Kwake wanachimba mtaro mbele ya geti, nami nikajisikia nikisema kwamba kwetu kuna uwanja wa saruji na mlango wa chuma. Sijui ni nani aliyetumia mdomo wangu. Akanikabidhi ufunguo na kuniagiza nisiguse kitu, nilitazame tu. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini imo kwenye trei yake. Nimeiona. Haina sahihi.

Kanali, dereva wa ofisi, amenuna kutwa. (Hajawahi kuwa mwanajeshi. Ni masharubu tu.) Ameniuliza mbele za watu kama nimewahi kumiliki hata baiskeli. Kisha akatangaza kantini kwamba gari lile la haibridi, linalokwenda kwa petroli na umeme, lina mlio kwenye giaboksi, na Bosi akirudi ni yeye Kanali atakayembadilishia oili. Bosi, akasema, humpenda mtu anayefanya jambo bila kuambiwa.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika kiganjani.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamua. Nitaibadilisha mimi, kesho, hapa nyumbani. Nimetapika mara moja tu.

Nimechapa maelekezo kutoka mtandaoni, karatasi mbili. Nimezitoboa na kuzifunga kwenye jalada jipya: GARI LA BOSI – OILI – SIRI. Nimefuata utaratibu wa masjala: karatasi iliyotangulia inalala chini, iliyofuata inakaa juu, na jalada husomwa kuanzia juu. Miezi saba sijakosea hata mara moja.

Nimenunua oili na spana. Pia glavu na buti za mpira, kwa sababu ya umeme. Mama, ambaye hushona nguo barazani na macho yake huona hadi nyuma ya ukuta, ameuliza kama nimeajiriwa kuzibua vyoo. Nimemjibu kwamba ni mambo ya kiofisi. Akasema ofisi gani hiyo, na akaendelea kukanyaga cherehani kwa dharau.

Jumatano, 11 Juni

Saa kumi na moja jioni nililipandisha gari taratibu, magurudumu ya mbele juu ya mbao pana, matofali nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono. Kimya kabisa. Nikajua limezimika. Ufunguo mfukoni, nikaingia chini kwa mgongo na jalada langu. Karatasi ya juu: legeza nati ya chini, kinga oili kwa beseni. Nati ilikuwa imepakwa rangi ya njano. Nikaikwangua vizuri, ili Bosi akute pasafi. Nikalegeza. Ikatoka! Nyekundu, angavu kama juisi! Nilishangaa oili iliyochoka inawezaje kung'aa hivyo, lakini mimi ni nani nibishane na Kanali.

Mara injini ikawaka. Yenyewe! Hakuna mtu ndani! Likanguruma juu ya pua yangu! Nilipiga paji la uso kwenye chuma, nikapiga teke beseni, nikatoka kwa tumbo huku nikitamka neno ambalo Mama hakujua kwamba nalijua. Nilisimama getini. Sikumbuki kufika pale.

Mama aliponiona na wekundu hadi magotini alipiga ukelele kwamba mwanawe amekufa. Nikamwambia ni oili. Akasema basi ataniua yeye, maana saruji aliisugua asubuhi. Akaenda kwenye gari, futikamba shingoni, akafungua mlango, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Kimya. Akasema kitu chenye taa zote zile usoni hakijalala, na kwamba hilo hata cherehani yake inalijua.

Nimefunga nati ya chini. Sasa oili mpya inatakiwa kupitia tundu la juu. Nati ya juu haina kichwa cha kushika! Ina kishimo cha pembe sita. Spana haiingii. Koleo haiingii. Mkasi wa Mama umeingia ukavunjika ncha, na hilo Mama bado hajalijua.

Giaboksi ni kavu. Bosi anarudi keshokutwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefunua karatasi ya chini. Laiti nisingeifunua! Inasema kwamba gari la aina hii huwa kimya hata likiwa limewashwa, na injini huweza kujiwasha yenyewe wakati wowote, kwa hiyo hakikisha taa zimezimika na ufunguo uko mbali. Inasema pia, kwa herufi nzito, anza kwa kulegeza nati ya JUU, na ikikataa usimwage hata tone.

Uzembe ulioje wa mwandishi! Jambo zito namna hii unaliweka chini?

Sikuwa na njia. Nimemwendea Kanali, nikaja naye hadi kwetu. Alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Akaniambia kumbe Kijana wa Mafaili amemkausha Bosi wa watu, na akaomba nimsimulie tena sehemu ya injini. Mama akamsimulia yeye, kwa vitendo. Kisha Kanali akatoa kichuma kilichopinda, nati ikafunguka kama kizibo cha chupa, akajaza oili hadi ikachuruzika tundu la juu, akafunga. Dakika kumi!

Sharti lake moja: kesho yeye ndiye atakayelipeleka gari ofisini, na kazi ni yake. Mimi sikugusa, sikuona, sikusikia. Nimekubali. Kwaheri barua yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Bado siamini. Naandika nimekaa sakafuni.

Bosi alishuka kwenye teksi, idara nzima ikamlaki uani. Kanali akajitokeza, masharubu yamechanwa. Akatangaza kwamba bila kuambiwa na mtu, kwa mikono yake mwenyewe na bila msaada wa yeyote, amembadilishia Bosi oili ya giaboksi.

Bosi akainama, akachungulia chini ya gari. Alipoinuka, uso wake ulinifanya nishike ukuta, na wala hakuwa akinitazama mimi. Akasema oili ile ilibadilishwa gereji wiki mbili zilizopita! Ina waranti ya mwaka mzima, na rangi ya njano kwenye nati ni muhuri wa gereji: ukikwanguliwa, waranti imekufa. Na mlio? Akafungua nyuma ya gari. Mwavuli wake! Unabingirika!

Kanali akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga. Angesema nini, naye ameshaapa mbele ya watu thelathini kwamba hakuna mwingine aliyegusa?

Bosi akanigeukia, akauliza kama mimi nililigusa gari lake. Nilitaka kusema kweli. Naapa. Lakini ulimi uligoma, macho yakajaa maji, nikatikisika mwili mzima. Akanishika bega akasema nisilie, anaona nilivyoumia kwa niaba yake. Kanali amenyang'anywa funguo za gari dogo la ofisi na kupelekwa kwenye pikapu ya stoo, ile ambayo breki zake hupiga mayowe.

Jumatatu, 16 Juni

Nimethibitishwa! Barua ninayo. Inasema mimi ni mtulivu na hufuata maagizo bila kuongeza langu. Mama ameisoma mara mbili, akauliza kama ofisini kuna mwingine mwenye jina kama langu. Kisha akauliza mkasi wake uko wapi.

Lakini sina raha. Kanali amenipita koridoni na kuniamkia kwa heshima, na hilo limenitisha kuliko matusi. Akasema pikapu ile itamtoa roho. Mama ameniambia niende kwa Bosi nikaseme kweli, basi. Wazo zuri. Ila nina zuri zaidi: Jumamosi nitazitengeneza breki za pikapu kwa siri, bila kuambiwa.

Maelekezo nimeshachapa, karatasi nne. Nimezitoboa, nimezifunga kwenye jalada, kila moja mahali pake. Nimeanza kusoma karatasi ya juu. Rahisi sana: peleka gari kwenye mteremko mrefu, achia, kisha kanyaga breki.