Raundi ya Pili Haijawahi Kutuona

Jumapili, 3 Machi

Kesho droo ya Kombe la Taifa. Naandika sasa hivi, nikiwa bado mtu mwenye heshima zangu.

Mimi ni katibu wa timu ya karakana yetu ya magodoro. Mchana nakagua magodoro, yaani nalala juu ya kila moja kidogo na kusema kama linafaa. Jioni naendesha timu. Watu wanatuita Magodoro, eti tumeumbwa kulaliwa. Wacha waseme. Ila ukweli ni kwamba kila mwaka tunaingia Kombe, na kila mwaka tunatolewa raundi ya kwanza. Mtoano hauna huruma. Ligi ukifungwa leo, wiki ijayo unajaribu tena. Kombe ukifungwa, kusanya viatu, tuonane mwakani.

Marehemu baba ndiye alikuwa katibu wa kwanza. Alikufa bila kuiona raundi ya pili hata kwa dawa. Mimi nimerithi kiti chake, koti lake na mkosi wake.

Sasa wanachama wamekaa kikao. Tukitolewa tena raundi ya kwanza, kiti kinakwenda kwa Kinyozi. Kinyozi! Mtu ambaye ukiingia dukani kwake na masikio mawili unatoka unayahesabu! Kiti cha baba!

Lakini mimi si wa kulala, isipokuwa kazini. Kamati ya Kombe ilitaka mama mmoja mtu mzima wa kuchota vipira kwenye bakuli la droo. Nimewapelekea shangazi yangu. Shangazi ana mkono! Kila bahati nasibu anayocheza anarudi na kitu. Blanketi, birika, mbuzi. Kesho atatuchotea kibonde, tutampiga, nitatulia kitini.

Jumatatu, 4 Machi

Yarabi toba.

Shangazi ametuchotea bingwa mtetezi.

Nilidhani ni utani. Tangu enzi za baba, vigogo wanaanzia raundi ya tatu. Kwanza wadogo tunachinjana wenyewe, ndipo wakubwa wanashuka kuja kula nyama. Nikasimama ukumbini nikapinga kwa sauti. Mwenyekiti wa kamati akanijibu kwa upole kwamba utaratibu umebadilika, mwaka huu timu zote zinaingia bakuli moja tangu raundi ya kwanza. Nikauliza ni mwendawazimu gani aliyepitisha jambo hilo. Akasema ni mkutano mkuu wa mwaka jana, tena lilipita kwa kura moja.

Nikaukumbuka ule mkutano. Nilikaa safu ya nyuma, na nilinyoosha mkono kumwita mhudumu wa chai. Nikashangaa wamenihesabu. Chai yenyewe haikuja.

Sitamwambia mtu.

Shangazi amefurahi kupita kiasi. Anasema mkono wake haujawahi kuchota kitu kidogo. Kinyozi naye tayari ameandika kwa chaki kwenye mlango wa duka lake: KATIBU MTARAJIWA.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Sikulala bure leo juu ya lile godoro la inchi nane.

Kwanza, kanuni inasema timu ya daraja la chini ndiyo inayokaribisha. Kwa hiyo bingwa anakuja kwetu, kwenye kiwanja chetu chenye mteremko, nyuma ya karakana. Pili, hatuhitaji kumfunga. Tunahitaji sare tu!

Jioni nikawakusanya wachezaji nikawasomesha historia. Nikawaambia Kombe hili lilianza na timu za viwanda, reli na magereza, wachezaji wakitoka kazini wanaingia uwanjani na mafuta mikononi. Nikawaambia kuhusu timu ya walimu wa shule ya msingi iliyofika fainali. Walimu wale hawakushinda hata mechi moja siku ya kwanza. Walikuwa wanatoa sare, kisha marudiano, kisha sare, kisha marudiano tena, mpaka mpinzani anachoka na kufungwa. Baba alinisimulia hayo mara nyingi kuliko alivyonisimulia habari za babu. Kwa hiyo Jumapili tukae wote nyuma, tupate sare, turudiane kwao. Tutakuwa hatujatolewa. Wakapiga makofi.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye kocha. Akasema wote kukaa nyuma anaweza kufundisha, maana hicho ndicho tunachofanya siku zote bila kufundishwa.

Kipa wetu akasimama akarudia nadhiri yake. Tunamwita Kichaka. Ameapa hakati nywele mpaka tutoke mechi ya Kombe bila kufungwa, na sasa kofia hazimwingii. Kinyozi akamwahidi mbele ya watu kwamba siku hiyo atamnyoa bure, hapo hapo, maana kichwa kile kinamharibia biashara mtaa mzima.

Nyumbani mke wangu akaniambia, baba watoto, mbona nilisikia redioni kwamba marudiano yamefutwa? Nikamwambia redio inasema mengi. Leo mvua, kesho jua. Mimi ni mtoto wa katibu, Kombe nimelinyonya. Akanitazama kwa lile jicho lake.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Niseme tu.

Nilifikiri hivi: bingwa amezoea nyasi laini kama zulia. Kiwanja kikiwa na tope kidogo, kidogo tu, mpira hautamtembelea. Mchana nikachukua mpira wa maji wa karakana, nikauunga kwenye bomba, nikauweka katikati ya kiwanja. Ukiniuliza, namwagilia nyasi. Nikarudi ndani kukagua godoro moja wakati maji yanatiririka.

Lilikuwa godoro zuri mno.

Nilipoamka, upande wa chini wa kiwanja ulikuwa ziwa. Bata wa jirani walikuwa wameshahamia. Nikafunga bomba. Nikatazama huku na huku. Nikaficha ule mpira nyuma ya majora ya vitambaa, nikaenda nyumbani kwa njia ndefu huku nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi

Kamisaa wa mechi alikuja asubuhi kukagua kiwanja. Akatumbukiza kiatu, kikabaki humo. Akasema kwa utaratibu kabisa kwamba kanuni iko wazi: kiwanja kisipochezeka, mechi inahamia kwa mpinzani. Atarudi kesho asubuhi kuangalia.

Kule kwao tutafungwa mpaka tusahau. Kiti cha baba nakikabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, tena kikiwa kimelowa.

Kinyozi akafika. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akatazama maji, akamtukana mpumbavu aliyeacha bomba wazi, ukoo mzima. Nami nikamtukana, tena kwa nguvu kumzidi, kisha nikakumbuka ni ukoo wangu. Akarudi dukani akaleta taulo zake zote, akapiga magoti akaanza kukausha. Mtu mzima, na suruali safi.

Taulo haziwezi ziwa. Hapo ndipo kichwa changu kikafanya kazi. Sponji! Karakana imejaa mabaki ya sponji, milima kwa milima! Nikamkimbilia tajiri wa karakana. Akasema yachukueni, mradi mnirudishie yakiwa makavu. Tukayabeba. Ukikanyaga sponji inakunywa, unaikamua kwenye ndoo, unarudi tena. Mabinti wa cherehani wakaja. Mwokaji mikate akaja na ndoo zake za unga. Mke wangu akaja na watoto. Shangazi akaletewa kiti, akakaa pembeni na sponji mbili miguuni, anakanyaga hii, anakanyaga ile, kama anaendesha gari.

Alipumzika kidogo akaniambia, mwanangu, kaka yangu angeyaona haya angelia. Nikamjibu kwamba jasho limeniingia machoni. Akasema ndiyo, hata yeye.

Kufikia alasiri ziwa lilikuwa limekwisha. Lilibaki tope zito mbele ya goli la chini tu, pale ambapo sponji zilishindwa. Watu wote wanamsifu Kinyozi kwa kuanza. Mimi wananisifu kwa sponji, lakini kidogo. Kama si mimi maji yangetoka wapi? Basi, ndiyo dunia.

Jumapili, 10 Machi

Bado nina tope mpaka kwenye kalamu. Nitaandika hivyo hivyo.

Kamisaa alikagua, akashika kiatu chake kwa mkono mmoja, akakipitisha kiwanja. Mechi ipo!

Bingwa alikuja na basi refu kuliko mtaa wetu. Kipindi cha kwanza walishambulia goli la juu, Kichaka akaruka kama aliyeungua. Nguzo ilitusaidia. Kipindi cha pili wakashambulia goli la chini, na hapo tope likafanya kazi. Mpira ukifika pale unakaa. Mshambuliaji wao ghali anapita, anageuka, anautafuta. Beki wetu Sindano, mshonaji wa kingo za magodoro, kazi yake ikawa kuuchomoa na kuupiga barabarani. Shemeji hakufundisha kitu, alikuwa amefumba macho.

Filimbi. Hakuna aliyefunga. Sare!

Tuliruka! Tulikumbatiana na watu tusiosalimiana nao! Wachezaji wakavua viatu, Sindano akarusha vyake kwa mashabiki. Watu wakambeba Kichaka mabegani wakatoka naye nje. Nikapanda juu ya ndoo nikaanza hotuba. Nikasema marudiano yao yatakuwa msiba wao.

Refa akaja akaniuliza kwa nini timu yangu imeondoka kabla ya penalti.

Nikamwambia hakuna penalti, kuna marudiano. Akaniambia marudiano yalifutwa, sasa sare inakwenda moja kwa moja kwenye mikwaju. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho.

Nikakimbia! Sijakimbia hivyo tangu shule. Kichaka nilimkuta kwenye kiti cha Kinyozi, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa inang'aa, nusu nyingine msitu. Kinyozi akasema subiri amalizie, kazi nusu si kazi. Nikapiga kelele kwamba tusiporudi sasa hivi tunatolewa. Kinyozi akatazama wembe, akatazama mlango wenye maandishi yake ya chaki. Angenyoa taratibu tu, kiti kingekuwa chake. Akamvuta Kichaka kwa mkono, tukakimbia wote watatu, kitambaa kinapepea. Sitasahau hilo, ingawa sitamwambia.

Viatu vya Sindano vilirudishwa na mashabiki, kimoja kimoja. Refa akachagua goli la chini. Kipa wao alikuwa mweupe kwa jezi, akawa mfinyanzi kwa tope. Wapigaji wetu walipiga, wengine wakafunga, mmoja akapiga udongo. Wapigaji wao walikuja mmoja mmoja wakamkuta Kichaka amesimama na vichwa viwili katika kimoja. Wawili walicheka wakati wanakimbilia mpira. Mmoja akapiga juu, kwenye paa la karakana. Wa mwisho wao, nahodha, alijikaza asicheke, akauma midomo, akapiga dhaifu. Kichaka akaukumbatia kama mto.

Ikabaki ya Sindano. Akifunga, tumepita. Alipiga vibaya, Mungu anajua. Ulikuwa mpira wa kumpelekea mtoto. Kipa wao akaruka upande mwingine, akazama. Mpira ukatambaa. Ukapunguza mwendo kwenye tope. Akajaribu kuinuka, akateleza. Ukavuka mstari kwa uvivu kama mtu anayeingia kazini Jumatatu.

Sikumbuki mengine. Nakumbuka shangazi akilia na sponji mkononi. Nakumbuka nimemkumbatia Kinyozi, na sabuni yake ikaniingia kwenye koti la baba. Jioni nikasimama mbele ya picha ya mzee ukutani. Nilikuwa na hotuba. Nikasema tu, baba, raundi ya pili.

Jumanne, 12 Machi

Kiti ni changu. Wanachama wamepitisha bila kupingwa, Kinyozi mwenyewe akanyoosha mkono. Nilihakikisha haiti chai. Amefuta chaki mlangoni, na Kichaka amemaliziwa upande wa pili.

Mke wangu ameniuliza, kwa upole, kama nimejifunza lolote. Nikamwambia sana. Usifanye mambo kwa siri, usidharau redio, usome kanuni. Akafurahi, akanipa chai nzito. Na kweli leo nimeisoma kanuni yote, mstari kwa mstari, juu ya godoro la inchi sita.

Mchana ilikuwa droo ya raundi ya pili. Shangazi akapeleka mkono wake tena. Tumepata timu ya wachimba mchanga, daraja la chini kuliko letu! Vibonde halisi! Tatizo dogo ni kwamba wao sasa ndio wadogo, kwa hiyo wao ndio wanaokaribisha. Tutacheza kwao, na Magodoro ugenini huwa tunalaliwa kweli.

Lakini kanuni iko wazi, kamisaa mwenyewe aliisema. Kiwanja kisipochezeka, mechi inahamia kwa mpinzani. Na safari hii mpinzani ni sisi!

Nimeshaulizia. Kiwanja chao kina bomba.