Taarifa Zinazotufaa

Umma wa Tarime na Serengeti unatangaziwa kwamba nchi yetu na Taifa Rafiki sasa zinabadilishana taarifa za siri kwa usawa kamili. Sisi tunawapa zote. Wao wanatupa zinazotufaa, na hadi leo hawajaona inayotufaa. Mimi, Nashoni Heche, ndiye Mratibu.

Ushirikiano ulijaribiwa mapema. Mama Teresia Abonyo wa Matongo aliamka akakuta zizi tupu. Alifika ofisini kanga imelowa umande.

"Ile ndege yenu isiyo na rubani inashinda juu ya kijiji chetu," alisema. "Lazima imewaona ng'ombe wangu."

Nilimuuliza Bwana Whitlock, mtaalamu wa Taifa Rafiki. Akafungua kompyuta.

"Imewaona vizuri sana. Hata wezi."

"Wameelekea wapi?"

"Hiyo ni siri ya daraja la tisa. Ninyi mko la pili."

Nilimweleza mama kwamba mifugo yake iko salama kabisa, kwenye picha. Hakushukuru. Alimpigia simu dada yake Akech, anayeuza chai na chapati ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Kabla jua halijawa kali, Akech alikuwa amewaona mnadani na kuwaita polisi wa kule. Jioni ng'ombe walirudi. Teresia aliwashika shingo mmoja mmoja huku akilia.

Taifa Rafiki lilishtuka. Whitlock akadai nimkabidhi chanzo hicho cha taarifa. Nikamkabidhi jina, namba, hata ladha ya chapati zake. Akaenda mpakani kumhoji, akapotelea huko. Niliiandikia wizara, kimya. Mwishowe nikampigia Akech, kwa niaba ya serikali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni wako alikunywa chai hapa, akapanda gari la Nairobi. Mkataba wenu ulishavunjwa kitambo."

"Wizara yangu inajua?"

"Mkubwa wako ndiye aliyemsindikiza. Kwani hawakukuambia?"

Nilimjibu kwa utulivu kwamba ofisi inaendelea na kazi. Nikaongeza kwamba nilikuwa nimesimama tu kwa muda, kwa sababu mkubwa huyohuyo alikuwa amevichukua viti vyetu kwenda kuvifanyia ukaguzi wa kiusalama.

Akech alijigeuza. Nilisikia mbao zikilia chini yake.

"Viti vya bluu, vya mgongo mrefu?"

"Ndiyo, mama."

"Aliviuza mnadani, mwanangu. Nimekalia kimoja."