Motokaa Iliyozaa Mafuta

Jumatatu, 3 Machi 1913
Bwana mwenye shamba la mkonge kaenda Mikese. Motokaa yake ya mizigo kaniachia mimi, Mwinjuma, niliyefika Tabora na pembe ya ndovu begani kabla yeye hajaota ndevu! Kazi yangu: kuiwasha kila asubuhi isishike unyevu, kufunga bomba la mafuta ya taa kila jioni, kupima kwa kijiti mafuta mazito ya tumboni mwa injini. Yakipungua, nimwite. Ikiharibika, narudi kukata mkonge. Kwa magoti haya!
Mvua kutwa. Bomba sikulifunga. Punda wa msafara humnyimi maji usiku, seuze huyu.

Jumatano, 5 Machi
Ajabu! Kijiti kimelowa kupita alama. Nikakifuta, nikapima tena. Mafuta yameongezeka! Bwana kasema yakipungua. Ya kuongezeka hakusema neno. Hii motokaa inazaa, na mkunga ni mimi.
Nimekamua kibuyu kizima.

Ijumaa, 7 Machi
Yameongezeka tena. Nimekamua tena. Mke wangu Chausiku kayatia kwenye koroboi, yakawaka vizuri. Badala ya kufurahi akanuna. Eti mafuta mazito hayawaki hivi. Eti yananuka taa, mepesi kama mchuzi wa jana, na mume wake hana pua. Nimwambie Bwana mapema. Nikamjibu pua yangu ilinusa simba nyika nzima ya Mkata. Akasema basi simba alikuwa hajaoga.
Majirani wanaleta kuku, nawapa mafuta. Banda limejaa. Ila injini siku hizi inagonga gonga. Uchungu wa uzazi huo.

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbaya. Bwana karudi, kapakia mkonge, tukashika njia ya stesheni. Kwenye kilima injini ikalia kama mbuzi wa sikukuu, ikanyamaza. Kimya! Mvua inatupiga.
Bwana akachomoa kijiti. Akasugua mafuta kwa vidole, akanusa. Akadondosha tone kwenye leso yake nyeupe: doa likatanda, katikati jeusi, pembeni limelowa maji maji. Akauliza nani kaacha bomba wazi. Mafuta ya taa yameshuka usiku kucha tumboni, yamechujua mafuta mazito, vyuma vimesagana. Nikamwambia nilidhani ina kiu.
Hakucheka. Msimamizi Kasiani alicheka kwa niaba yake.

Jumanne, 11 Machi
Motokaa imevutwa na ng'ombe hadi shambani. Aibu! Mara akatokea Stambuli, Mnyamwezi, mtani wangu. Kajifunga sanda ya gunia, kajilaza mbele ya magurudumu. Akakohoa kama injini, akapuliza mashuzi kwa mdomo, akafa. Watu hoi kwa kicheko. Akafufuka, akapaza sauti: poleni wafiwa, marehemu kauawa na Mluguru huyu kwa kumnywesha taa, sasa nipeni haki yangu ya utani, sizikwi bure! Akaingia bandani mwangu. Mtani humkatalii, msiba ni msiba. Katoka na kuku wote, hata anayeatamia.
Chausiku akachukua ufagio, akafagia manyoya. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi
Mkonge. Miiba, matope, Kasiani. Ananiita babu kwa heshima, kisha ananipa mstari mrefu kuliko vijana. Magoti yamevimba, viganja vinatoka damu. Chausiku kahamia kwa dada yake Kristina, huko juu milimani. Kasema atarudi nikipata akili. Nyumba baridi.
Nimewaza sana juu ya kosa langu. Nimeliona! Nilikamua mapema mno. Mnyama aliyezaa juzi humkamui hivyo, unamwachia kwanza apate nguvu.
Jioni nikapita kwenye mashine ya kuchana mkonge, nayo inakunywa mafuta ya taa kama motokaa. Mlinzi wake, Lukasi, kanilalamikia kwamba tangu juzi mafuta yanapanda tu kwenye kijiti na hajui afanye nini, labda amwite Bwana. Nikamshika mkono, nikamwambia: mwanangu, funga mdomo, tafuta kibuyu.