Seswaa, Maji na Chumvi Tu

Jumatatu, 4 Agosti
Gazeti letu la hapa Kanye halina kosa leo. Nimelisoma mtandaoni mara mbili, hadi matangazo ya mbuzi waliopotea. Hakuna! Mhariri mpya, binti aitwaye Oarabile, anahakiki kila kitu. Atatuua.

Zamani wakiandika bwawa limefurika, nasahihisha chini ya habari, kwenye maoni: limejaa, halijafurika. Kabla chai yangu haijapoa, Kelebonye ananijibu kutoka Maun kwamba mimi na maji hatujuani. Tulikaa meza moja chumba cha habari, mimi ripota, yeye msahihishaji. Tangu ahamie kwa bintiye, mazungumzo yetu ni hayo tu. Sasa hatuna cha kubishania.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango! Nimemwarifu Oarabile kwamba upepo umeezua paa la shule. Akiandika, nitasahihisha, na Kelebonye atanirukia. Binti kaenda kuangalia mwenyewe. Akanipigia, kwa adabu ya kumwita mzee: paa lipo, Rra, na mwalimu mkuu anakusalimia.

Jumatano, 6 Agosti
Gazeti likikataa kukosea, nitakosea mimi. Wameandika kuhusu wapishi wa harusi: seswaa ni nyama, maji na chumvi, inachemshwa, kisha inapondwa. Sahihi kabisa. Nikaandika chini, kwa jina langu kamili: “Kosa. Seswaa halisi hutiwa kitunguu na bizari.”

Kelebonye hawezi kuliacha hilo lipite. Baba yake alikuwa mkuu wa vyungu, msimamizi wa wanaume wapikao seswaa harusini.

Alhamisi, 7 Agosti
Kanye nzima imenijibu. Mmoja anauliza nani kamwachia babu simu. Mwingine: “Rra, ukitaka bizari kaoe hotelini.” Wa tatu kaniambia nirudi kwetu. Kwetu ni hapa, nyumba ya nne kutoka kwake!

Kelebonye kimya. Nimefungua ukurasa na kuufunga mpaka simu ikaisha chaji.

Ijumaa, 8 Agosti
Binamu yangu Modiri amekuja. Kesho anaoza binti, na mimi ndiye mkuu wa vyungu. Nilikuwa. Kasema kwa upole kwamba wanaume hawataki mtu wa bizari karibu na moto, nitakaa hemani na wageni. Nikamwambia ile ilikuwa mbinu tu. Akauliza, mbinu ya nini? Nikaenda kuchemsha chai.

Jumamosi, 9 Agosti
Hemani, kati ya shangazi wawili wa bwana harusi. Huko nyuma wanaume wanaponda nyama na kucheka. Seswaa ilipungukiwa chumvi. Sikuandika popote.

Jioni, chini ya habari ile, Kelebonye!

“Rra Mokgwathi, bizari? Wewe uliyekuwa ukiniletea seswaa ofisini kwenye bakuli la bati? Acha vituko. Kama umenikumbuka, sema. Miaka sita nangoja unipigie. Namba ni ile ile.”

Nilisoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeoga. Nimevaa shati la harusi. Namba yake naijua kwa moyo, sijawahi kuisahau. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu.

Lakini miaka sita? Alihama mwaka ule bwawa lilipokauka. Ni saba! Kosa kama hilo haliachwi mbele ya watu.

Nimeandika chini yake: “Kosa. Ni miaka saba.” Nikataja na toleo la gazeti, athibitishe mwenyewe.

Chai iko mezani. Bado ni ya moto. Nasubiri anijibu.