Kibali cha Kutembea Haraka

Yusto Mlowe,
Chumba cha uani, nyumba ya Mzee Baltazari,
Iringo, Musoma.
7 Mei 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Mama Anastazia,

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUTEMBEA HARAKA, AU MUHURI WAKO KWENYE FOMU YANGU YA UHAMISHO

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wote wa nyumbani kwako, pamoja na ng'ombe. Sikuwa na kawaida ya kuwataja ng'ombe kwenye barua za kiofisi, ila nimeelezwa kwamba kuwaruka ni kukosa adabu.

Mimi ni karani wa masijala niliyehamishiwa hapa kutoka Dar es Salaam tarehe 3 Machi. Mwajiri wangu ataniruhusu kurudi Tabata iwapo fomu ya uhamisho itamfikia kabla ya Ijumaa, tarehe 16 Mei. Ikichelewa, nitakaa Musoma miaka minne. Kifungu cha saba kinataka mwenyekiti wa mtaa athibitishe kwa muhuri kwamba mwombaji ameshindwa kuyazoea makazi. Ili usigonge muhuri kwa kunihurumia tu, naweka ushahidi kutoka kwenye shajara yangu, ambayo naiandika kila siku tangu nikiwa kidato cha pili.

1. Salamu. Kutoka chumbani kwangu hadi ofisini ni hatua mia tano na kumi. Tarehe 4 Machi nilitumia dakika hamsini na mbili. Hapakuwa na foleni ya magari. Foleni ilikuwa ya watu wanaotaka kujua nimeamkaje. Mzee Mniko, fundi viatu wa pale kona, aliuliza habari za nyumbani, za kazi na za wazazi, kisha akauliza ng'ombe wanaendeleaje. Sina ng'ombe. Lakini nilikuwa nimechelewa, nikajibu kwamba hawajambo.

2. Ng'ombe. Jibu hilo lilifika nyumbani kabla yangu. Tarehe 5 niliulizwa ni wangapi. Tarehe 6 mama mmoja aliuliza kama nina mpango wa kuoa, na kama nitatoa hao hao au nitanunua wengine. Tarehe 8 alikuja mtu kutoka Bunda kuwachanja. Nimekanusha mara tisa, na kila ninapokanusha wanatazamana na kusema, "Mwenye ng'ombe wengi ndivyo anasemaga."

3. Msiba. Hili ndilo lalamiko langu kubwa. Tarehe 11 Machi niliamua kutembea kama tunavyotembea Tabata: macho mbele, mkoba kwapani, bila kusimama. Nilifika ofisini kwa dakika nne. Jioni niliporudi nilikuta turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, moto unawaka na akina mama wanasonga ugali. Mama Skolastika, jirani yangu, alinishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Ni nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akawageukia wenzake akasema, "Bado hajakubali."

Nilipoomba maelezo, Mzee Mniko alinieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Huku mtu hakimbiagi bure. Ukitupita bila salamu, tunajua huyo anawahi maiti."

Mzee Baltazari akaamuru nimpigie mama yangu simu mbele ya wote. Mama alikuwa mzima, ila alikasirika kwamba sijampigia tangu nihamie. Wakapokezana simu, mmoja mmoja, wakimpa pole kwa kupata mtoto wa namna yangu.

4. Nguo. Tarehe 20 Machi mvua ilinyesha mchana, ghafla, kama inavyofanya hapa. Mama Skolastika aliingia uani akaanua nguo zangu zote, akazikunja. Jioni alinitangazia mbele ya wapangaji kwamba soksi zangu tatu hazina wenzake. Sikuwa nimeomba huduma hiyo.

5. Kwa kuwa watu walikuja kwenye msiba wangu ambao haukuwepo, sasa natakiwa kwenda kwenye yao, ambayo ipo. Tarehe 29 Machi nilikuwa Bunda. Tarehe 12 Aprili, Butiama. Nilipoeleza kwamba mimi sikufiwa, Mzee Baltazari aliniuliza swali moja tu: "Ugali ulikula, hukula?" Nilikula. Na samaki, sato.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Kibali chenye picha, cha kuvaa shingoni, kilichoandikwa MHUSIKA ANA HARAKA, HAJAFIWA.

(b) Hilo likiwa gumu, wakazi wote wakae ndani kila siku kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili kasoro robo asubuhi, nipite.

(c) Hilo nalo likishindikana, mtaa uandike rasmi kwamba tarehe 11 Machi nilifiwa kweli, ili watu wasionekane walikuja bure. Niko tayari marehemu niwe mimi mwenyewe, mradi mwajiri asipewe nakala.

(d) Yote yakishindikana, muhuri.

Naomba unisalimie Mzee Mniko na goti lake la kushoto, Mama Skolastika na yule binti yake aliyejifungua Jumapili, Mzee Baltazari, akina mama wote wa ugali, na mzee wako anayekohoa. Mwambie ile dawa anywe baada ya kula.

Ni mimi, mkazi wako wa muda,
Yusto Mlowe

N.B. 12 Mei. Barua imechelewa siku tano kwa sababu naileta kwa miguu. Katikati hapa ofisi yangu imemleta mapema atakayeshika nafasi yangu, Bi Miriamu kutoka Kinondoni. Leo asubuhi tulikuwa tumekaa kwa Mzee Mniko, Bi Miriamu akatupita mbio, hata kutuangalia hakutuangalia. Nilikuwa nimeshabeba viti viwili hadi getini kwake ndipo nikakumbuka kwamba watu wa kule ndivyo wanavyotembea. Hata hivyo sikuvirudisha, kwa maana utajuaje. Anasema hajafiwa. Tumemwambia akae kwanza.

Muhuri usigonge. Masijala ina makabati mawili, tutagawana. Fomu nimeiambatisha, jina langu nimelifuta. Ajaze yeye akitaka, ila asije kwako leo, sato bado hawajaiva.