Ombi la Kumwamuru Mchezaji Yearby Augue Mafua

Mtaa wa Stesheni, ghorofa ya tatu,
Jasenik, Serbia.
Aprili 9

Kwa Bwana Svetozar,
Mwenyekiti, Klabu ya Mpira wa Kikapu ya Jasenik

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na shingo yako umeifunika. Mimi ni Vidosava Petronijević, mjane, ndimi ninayewapokea Wamarekani wenu tangu klabu ilipopanda daraja. Watano wameshapita chumbani kwangu. Wanne wa kwanza walikuwa na adabu zao: walikuja Septemba, wakaoga, wakatoka nje vichwa vimelowa, wakaugua, nikawauguza, na Desemba mkawafukuza. Sikuwahi kulalamika.

Leo nalalamika, na ninayemlalamikia ni huyu wa tano, Lamont Yearby, mwenye miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Ohio. Kwa miaka kumi na moja amecheza Finland, Saiprasi, Slovakia na kwingine ambako hata yeye huwa anasita kukutaja, kila nchi msimu mmoja, masanduku mawili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anafungua madirisha. Sisemi dirisha. Nasema madirisha, la barabarani na la uani, kwa pamoja, mwezi Januari, ametoka kuoga sasa hivi. Wewe huhitaji kuelezwa promaja ni nini. Upepo huo unaoingia huku na kutokea kule ndio uliompinda mdomo mjomba wangu na kumharibu figo mwalimu wetu wa hesabu. Nilimwambia, "Lamont, mwanangu, funga hayo madirisha, utakufa!" Akanijibu kwa Kiserbia chake cha kuokoteza sokoni, "Shangazi, kichwani sina hata unywele mmoja wa kulowa." Hoja hiyo haina uzito. Kipara hulowa kama kichwa kingine chochote, tena hakina cha kukikinga.

2. Haugui. Tangu Septemba mpaka leo hajakohoa, hajapiga chafya, na mazoezi hajakosa hata siku moja. Kocha wenu ni shahidi. Nilimfumia soksi za sufu, tayari kulowekwa kwenye rakija, pombe yetu kali ya matunda, na kuvalishwa homa itakapopanda, kama nilivyowatibu wenzake. Zilikaa juu ya hita tangu Novemba zikisubiri. Mwishowe amezichukua anatembelea ndani, kwa sababu sapatu za wageni zinamwishia katikati ya unyayo. Namba hamsini na moja, Mwenyekiti. Hakuna mgonjwa mwingine mjini hapa wa kuzivaa.

3. Uasi unaenea. Wifi yangu Zlatija, mwanamke aliyekuwa akivaa skafu mwezi Agosti, sasa anapika dirisha likiwa wazi. Nilipomuuliza kulikoni akasema, "Mbona yule Mmarekani wako hafi?" Tena aliyasema hayo mbele ya majirani.

Lakini kubwa zaidi ni la ukumbini. Kwenye mechi ile dhidi ya vinara wa ligi, Lamont alimwomba Tihomir, mtunza ukumbi, afungue milango wakati wa mapumziko ili wachezaji wapumue. Tihomir alikuwa amefunga milango hiyo kwa miaka ishirini na sita bila doa. Akafungua yote miwili! Watu mia nane tukakaa katikati ya promaja. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Tihomir, funga, unatumaliza!" Naye akajibu, "Hebu nyamaza, mama, tunaongoza kwa pointi kumi na nne!" Tukashinda. Tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kuigusa milango, tumeshinda mechi sita mfululizo, na hospitali haijapokea mtu. Nadhani unauona ukubwa wa hatari.

4. Hili sikutaka kuliandika. Marehemu mume wangu Miloje, fundi wa injini za treni, alikuwa mtu wa kusikia joto. Kila kiangazi, kwa miaka thelathini na minane, aliniomba nifungue dirisha, "Vido, kidogo tu, kiasi cha kidole." Nilikataa, kwa sababu nilimpenda. Wiki zake za mwisho zilikuwa za Julai. Aliomba tena, nami nikamwongezea blanketi. Sasa, Mwenyekiti, kama Lamont haugui, mimi nilikuwa nafanya nini miaka yote ile? Naomba klabu ilijibu swali hili kwa maandishi.

Kwa hiyo, bila kuvuruga ratiba ya timu, naomba uongozi umwamuru Bwana Yearby augue mafua kabla ya mechi ya mwisho. Siku tatu zinatosha, na homa si lazima. Cheti cha daktari sihitaji, nitathibitisha mwenyewe. Akikaidi, mkataba wake usiongezwe, arudi kwao Ohio, ambako huenda upepo ni wa aina nyingine.

Msalimie mkeo Ružica na wajukuu. Msalimie kocha, mwambie afunge zipu. Wasalimie wajumbe wote wa kamati. Tihomir sina salamu zake.

Wako kwa heshima, na mwenye dirisha lililofungwa,
Vidosava Petronijević

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Zlatija ameingia na habari kwamba kamati inakutana Alhamisi, na kwamba baadhi yenu mnasita kumwongezea Lamont mkataba kwa sababu ya umri na goti. Eti pia klabu moja ya Uturuki imempigia simu. Yeye hajaniambia neno, ila nimeyaona masanduku mawili yameshushwa kutoka juu ya kabati, na nimeumia. Mwenyekiti, nakusihi, chukua lalamiko la pili ukawasomee wajumbe kwa sauti. Miezi saba, mazoezi yote, bila hata chafya! Mwingine wa hivyo mtamtoa wapi? Mpeni miaka miwili, msimpe mmoja. La kwanza na la tatu yafute. La nne niachie mwenyewe. Nyongeza hii naiandikia jikoni, madirisha yote mawili yakiwa wazi. Karatasi imeniruka mara mbili, na shingo bado haijaniuma. Kiti cha Miloje nimekisogeza pale upepo unapopita.